Gemu ya kupanga tatu tatu ipi inastahili hela yako? Angalia kwanza kinachotikisika

Maswali kuhusu gemu hizi za kusogeza vitu hadi vitatu vinavyofanana vikae mstari na kupasuka yamekuwa mengi mno, na karibu yote yanafanana. "Dada, nimeshatia hela kwenye gemu ya peremende, sarafu zimeisha na leveli haijapita. Ninunue tena au nihamie nyingine?"

Msomaji mmoja wa Morogoro alienda mbali zaidi ya kulalamika: alirekodi kioo cha simu yake akicheza, akanitumia. Alikuwa ametoka kununua kifurushi cha sarafu, na leveli ilikuwa imembakishia hatua nne. Katikati ya ubao palikuwa na vitu vinne vya kijani ambavyo vingekaa mstari mmoja kwa kusogeza kimoja tu, na vinne vikikaa mstari mmoja unapewa kombora la kufagia safu nzima. Alisita, anatafuta. Kabla hajaviona, vitatu vya bluu vilivyokuwa chini yake vikaanza kutikisika. Vinang'aa, vinatulia, vinatikisika tena. Kidole kikaenda huko huko. Bluu zikapasuka, vilivyokuwa juu yake vikashuka ngazi moja, na ile kijani ya pembeni ikabaki peke yake kule juu. Mstari wa vinne ukafa. Alishindwa akiwa amebakiza kitu kimoja cha kupasua, na papo hapo kioo kikamuuliza kama anataka hatua tano za ziada.

Nimeirudia video hiyo kila nilipokuwa naandaa mwongozo huu, kwa sababu ndani yake kuna kasoro ambayo sijaona mtu akiitaja anapopanga gemu hizi kwa ubora. Wanapanga kwa picha nzuri, idadi ya leveli, muziki, ukubwa wa faili. Hayo yote utayaona mwenyewe dakika ya kwanza, na mimi sitayagusa. Nitazungumzia kule kutikisika.

Kwanza tukubaliane kwamba gemu hizi zinapendwa kwa haki. Huhitaji kujua Kiingereza, huhitaji kujua kusoma kabisa. Unacheza kwa kidole gumba kimoja, mkono mwingine umeshika bomba la daladala. Ukiitwa jina dirishani benki unaiweka mfukoni, ukirudi ubao uko pale pale ulipouacha. Nyingi hazikuhesabii sekunde. Na ule utamu wenyewe, pale unaposogeza kimoja vikapasuka vitatu, vilivyodondoka vikapasua vingine, na vingine tena, bila wewe kugusa chochote, ni furaha ya kweli ambayo sioni sababu ya mtu kuionea haya. Namfahamu mlinzi wa usiku anayesema ndiyo inayomvusha saa tisa hadi alfajiri. Namfahamu mama lishe anayecheza akisubiri maharage yaive. Unapewa vurugu, unaipanga kwa akili yako mwenyewe. Kufikiri kidogo, kimya kimya, bila mtu kukuingilia: hiyo ndiyo bidhaa unayoinunua.

Sasa mtu akikuingilia je? Mcheza bao anajua adha ya mtazamaji anayesimama nyuma yake na kunyoosha kidole, "cheza hiyo, cheza hiyo," kabla hajamaliza kuhesabu kete. Gemu hizi zimemweka mtazamaji huyo ndani ya simu. Ukikaa sekunde chache bila kugusa ubao, anaanza.

Na ushauri wake mara nyingi ni mbovu, kwa sababu ya jinsi unavyotengenezwa. Programu inapekua ubao kutafuta mahali popote ambapo kusogeza kimoja kutaleta vitatu. Ikipata, inapatikisa. Kazi ya kidokezo cha namna hiyo ni kukuonyesha kwamba njia ipo. Hakikuahidi kwamba ndiyo njia nzuri. Leveli inaweza kuwa inakutaka uvunje barafu kona ya kushoto, nacho kinakutikisia vitatu vya kona ya kulia. Unaweza kuwa na vitano vya kuunganisha, nacho kinakuonyesha vitatu. Jicho la binadamu linafuata kinachojongea, hasa jicho lililochoka saa nne usiku. Ukishakiona kinatikisika, huwezi tena kujifanya hujakiona.

Kwenye gemu isiyo na kikomo cha hatua, hasara ni ndogo: umecheza vibaya, endelea. Lakini kwenye gemu inayokupa hatua 20 kisha inakuuzia ya 21, kila hatua uliyopoteza kwa ushauri wa gemu yenyewe ina bei. Sisemi watengenezaji wamekaa mezani wakakusudia hivyo. Ninachosema ni kwamba wewe ukikosea, anayepata ni muuzaji, na muuzaji huyo huyo ndiye anayekushauri. Kwa hiyo kigezo changu kikuu ni hiki: ushauri mbovu wa gemu utanigharimu nini?

Kabla hujalipa senti kwenye gemu yoyote, fanya jaribio hili. Fungua leveli, usiguse kitu, pumua taratibu mara kadhaa. Angalia vinaanza kutikisika baada ya muda gani, na tazama kama vinavyotikisika vinahusiana kabisa na lengo la leveli. Halafu ingia kwenye mipangilio utafute swichi ya kuzima vidokezo. Swichi hizi huhamishwa au kuondolewa kwenye masasisho, hivyo usitegemee maneno ya mtu aliyecheza mwaka jana. Ukiikuta, izime siku hiyo hiyo. Usipoikuta, umeshajua unachokwenda kununua.

Ya kwanza: Bejeweled 3. Sitazunguka, hii ndiyo ninayoipenda, na ningeiweka ya kwanza hata kama ingegharimu mara mbili. Ilitoka Desemba 2010, ya kompyuta, imetengenezwa na PopCap ya Seattle, Marekani. Wengi wanadhani gemu za namna hii zilianza na Candy Crush, lakini Urusi ilikuwa na Shariki mwaka 1994, na PopCap wakaja na Bejeweled ya kwanza mwaka 2001, ikiwa mwanzoni inaitwa Diamond Mine. Wakati huo biashara yake ilikuwa wazi kabisa. Unaicheza bure kwenye tovuti, ukiipenda unanunua toleo kamili kwa takriban dola 20, basi. Umemaliza na muuzaji. Yeye hana tena faida yoyote ukishinda au ukishindwa.

Bejeweled 3 imebaki na uungwana huo. Inauzwa kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kwa bei ya kawaida ya dola 4.99, na kukiwa na punguzo inashuka sana. Hakuna sarafu, hakuna maisha matano, hakuna kusubiri nusu saa. Ubao ni nane kwa nane, vito ni aina saba, na kila rangi ina umbo lake: nyekundu ni mraba, zambarau ni pembetatu, nyeupe ni duara. Hilo dogo lina maana kubwa kwa mtu asiyetofautisha rangi vizuri, na kwa yeyote mwenye kompyuta yenye kioo kilichofifia. Ukitaka kidokezo, kuna kitufe chake pembeni, unabonyeza mwenyewe. Ushauri unaouomba ni msaada. Ushauri usiouomba ni kero.

Ndani yake kuna namna ya kucheza inayoitwa Zen. Haina mwisho, haina kushindwa. Unaweza kuwasha sauti ya mvua au ya bahari, na kuna kipimo cha kukusaidia kupumua taratibu wakati unapanga. Dada yangu, muuguzi wa zamu za usiku, akirudi asubuhi anaicheza kwanza kabla ya kulala, na anasema usingizi unakuja bila kulazimishwa. Namna ya kawaida nayo ina ukali wake: gemu inaisha pale tu ubao unapokosa kabisa njia. Ukishindwa, umeshindwa kwa kupanga kwako mwenyewe, na hakuna anayekuja kukuuzia hatua.

Najua wengi wenu hamna kompyuta. Kampuni ya EA, iliyoinunua PopCap mwaka 2011, ina Bejeweled Classic ya simu. Vito ni vile vile, lakini matangazo yanakatiza, na kwa hilo siwezi kuitetea kama ninavyoitetea ile ya kompyuta. Hata hivyo, ukipoteza hatua kwa kidokezo hakuna hela iliyotoka, kwa hiyo bado inazishinda zinazofuata.

Ya pili: Royal Match, kama lazima iwe simu. Hii ni ya Dream Games ya Istanbul, Uturuki, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2019. Gemu ikatoka 2021 na kuzivamia simu za dunia nzima. Sifa yake kuu ni kwamba haikuwekei matangazo ya watu wengine. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hiyo ni nafuu ya kweli, kwa sababu kila tangazo la video linakula MB zako. Inaenda pia bila intaneti, na mwendo wake ni mwepesi, vitu vinadondoka haraka bila kukuchelewesha kwa mbwembwe.

Ila hatua zina kikomo, na hatua tano za ziada unauziwa sarafu 900. Ukizitumia ukashindwa tena, mara ya pili bei inapanda. Hapa ndipo mtazamaji wa bao anakuwa ghali. Kwenye Royal Match vinne vikikaa mraba vinatengeneza rafadha, kama feni ndogo, inayoruka yenyewe kwenda kuvunja kinachotakiwa, na rafadha hizo ndizo zinazookoa leveli ngumu. Jifunze kutafuta miraba kabla ya mistari, na vikianza kutikisika, peleka macho kona nyingine ya ubao kwa makusudi. Ukiweza hilo utapita leveli nyingi bila kununua chochote, na kwa kweli hivyo ndivyo inavyopaswa kuchezwa.

Ya tatu: Candy Crush Saga. Kampuni ya King iliitoa kwenye Facebook Aprili 2012, ikaingia kwenye simu mwishoni mwa mwaka huo. Activision Blizzard wakainunua King kwa dola bilioni 5.9, nao wakanunuliwa na Microsoft Oktoba 2023. Nayasema haya ili uelewe kwamba hela kidogo kidogo za watu kama sisi, za kununua hatua tano, zimejenga mali ya ukubwa huo.

Ni gemu nzuri, nakubali. Peremende za mistari zikikutana na zile zilizofungwa kwenye karatasi, ubao mzima unatetemeka, na hakuna aliyewahi kuitengeneza raha hiyo vizuri kuliko King. Maisha ni matano, na kila moja linarudi baada ya dakika 30, kwa hiyo ukiyamaliza yote utasubiri saa mbili na nusu yajae. Wengine wanaona hiyo ni adhabu. Mimi naiona ndiyo afya yake: inakulazimisha uinuke ukafanye kazi nyingine. Tatizo langu ni lile lile. Leveli zake za mbele zinadai upange hatua mbili tatu mapema, uvunje chokoleti kabla haijasambaa, na hapo ndipo peremende zinakutikisikia pembeni ukiwa katikati ya hesabu.

Mwisho kabisa: Homescapes na Gardenscapes za Playrix. Leveli zenyewe zimetengenezwa kwa ustadi, na hadithi ya kukarabati nyumba au bustani inawavuta watu wazima wengi, mama yangu mdogo akiwa mmojawapo. Lakini mwaka 2020 mamlaka ya matangazo ya Uingereza, ASA, ilipiga marufuku matangazo yake mawili kwa kupotosha, kwa kuwa yalionyesha mafumbo ya kuvuta pini ambayo siyo gemu unayoikuta ukishapakua. Mtu aliyevutwa na pini anakuta anapanga tatu tatu. Kwangu mimi muuzaji anayenionyesha bidhaa nyingine kwenye tangazo, sitaki kuusikiliza ushauri wake wakati nimebakiza hatua tatu. Pia kupanga meza na mapazia kunadai nyota, nyota zinadai leveli, na leveli ikikugomea hadithi nzima inasimama. Hapo ndipo hela inapotoka.

Kwa asiyetaka kulipa kitu: tafuta mkusanyiko wa mafumbo wa Simon Tatham, ni bure, hauna matangazo wala haudai intaneti. Ndani yake kuna Same Game, unapasua vinavyogusana rangi moja, na jozi haikupi alama kwa hiyo ukitaka alama unatafuta vitatu na zaidi. Unaruhusiwa kurudisha hatua. Sura yake ni kavu. Zile nyingine za vito zilizojaa Play Store zenye majina yanayofanana, ziache.

Na sasa hela, kwa sababu hili linaniuma. Bei kwenye gemu hizi za sarafu imefichwa mara mbili. Kwanza shilingi inageuzwa sarafu, halafu sarafu zinageuzwa hatua, na vifurushi havilingani kamwe na unachohitaji. Unataka hatua tano, kifurushi kinakupa za mara moja na zinabaki kidogo, zisizotosha mara ya pili. Zile zilizobaki ndizo zinazokurudisha dukani. Ukienda sokoni ukamkuta mtu anauza nyanya kwa namna hiyo, ungempita. Piga hesabu yako kwa shilingi kabla ya kubonyeza: hatua moja umenunua kwa shilingi ngapi? Andika kwenye karatasi. Nimewashauri wasomaji kadhaa wafanye hivyo, na wengi waliishia hapo hapo.

Juu ya hiyo kuna kodi. Huduma za mtandaoni kutoka nje zinatozwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya, na duka la programu lenyewe linachukua hadi asilimia 30 ya unacholipa. Mnunuzi wa Dar au Mombasa anabeba mzigo wote huo kwa mshahara wa hapa. Steam nayo haina bei ya shilingi, si ya kwetu wala ya Kenya, hivyo unalipa kwa dola na benki inakukata ya kubadilisha fedha. Kwa mtu mwenye Bejeweled angalau maumivu hayo ni ya mara moja.

Kuna na hawa wa vibanda vya simu wanaokujazia gemu kwa buku mbili, "zimefunguliwa zote, sarafu hazina mwisho." Msomaji mmoja aliwekewa kumi kwa mpigo. Kufika nyumbani simu inafungua matangazo yenyewe hata ikiwa imelala, na chaji haifiki jioni. Alimrudia yule kijana, akaambiwa alipie tena ili azifute. Faili iliyochakachuliwa hujui nani ameichakachua wala ameongeza nini, na simu hiyo hiyo ndiyo yenye pesa zako za mtandao na ujumbe wa benki. Hela ya vocha usiipe kazi hiyo.

Anayetaka Bejeweled 3 afanye hivi. Fungua akaunti ya Steam, iweke gemu kwenye orodha ya unavyovitamani, usubiri punguzo. Hapo majira ya joto ya Ulaya na Marekani, yaani Juni na Julai, na tena Desemba, huwa yanakuwepo. Lipa kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa ndani ya huduma ya pesa ya simu yako, na weka kiasi kinachotosha ununuzi huo tu, ongeza kidogo kwa ajili ya makato. Gemu ni ya mwaka 2010, kwa hiyo hata ile laptopu ya mtumba ya Windows uliyonunulia kazi za chuo inaibeba. Ikishaingia, anza na Zen.